Ngano ikipiga umanjano viraka viraka, chimba mizizi kabla ya kununua yuria

Mkulima wa Kapchorwa, Kween au Bukwo, mashariki mwa Uganda, akiona ngano imekuwa ya manjano hukimbilia yuria, na mara nyingi hakosei. Lakini umanjano ukitokea kwa viraka, mimea ya hapo ikadumaa ilhali ya hatua chache pembeni inapendeza, huenda ni minyoo ya mizizi, kwa hiyo tafadhali usifungue mfuko kwanza. Chukua jembe.

Usiing'oe kwa mkono. Vimizizi vyembamba hukatikia ardhini, navyo ndivyo unavyovitafuta. Chimbua shina pamoja na udongo wake, loweka kwenye ndoo, suuza taratibu. Ukikuta madoa ya kahawia na vimizizi vya pembeni vichache, shuku minyoo ya mizizi aina ya Pratylenchus. Mizizi ikiwa mifupi, yenye vifundo na matawi mengi kama ufagio, shuku minyoo ya aina nyingine, Heterodera. Chimba tena ngano inapotoa maua: vitone vyeupe vilivyong'ang'ania mizizi ni majike ya Heterodera. Jike akifa, mwili wake hugeuka ganda gumu la kahawia lenye mamia ya mayai, nayo hukaa udongoni miaka kadhaa yakingoja ngano nyingine.

Kuzitofautisha aina hizi mbili kuna faida kubwa. Heterodera wa ngano huishi kwa nafaka na nyasi, hivyo maharage, viazi au kabichi humnyima chakula. Shayiri haimnyimi kitu. Hata shamba ulilolipumzisha litamlisha ukiacha maotea ya ngano na magugu ya nyasi. Pratylenchus hushambulia mazao ya namna nyingi, kwa hiyo usibadili zao kwa kubahatisha. Chukua mizizi na udongo wenye unyevu ukingoni mwa kiraka, penye mimea iliyo hai, funga kwenye mfuko wa plastiki, weka kivulini, na umwombe afisa ugani aifikishe maabara, kwa mfano ile ya taifa ya utafiti wa kilimo iliyoko Kawanda.

Dawa za kuua minyoo hii ni ghali na ni sumu kali. Kwa mkulima wa ekari mbili tatu sizishauri kabisa. Tia samadi iliyooza vizuri, mizizi ipate nguvu.

Halafu angalia plau. Minyoo hii ni midogo sana na haiwezi kwenda mbali yenyewe. Husafiri na tope la plau, la viatu, na maji ya mvua yanayoteremka mlimani. Lima kwanza sehemu isiyo na ugonjwa, kiraka mwisho, na usugue plau papo hapo kabla haijaenda kwa jirani.