Violezo vya PowerPoint katika masomo ya mtandaoni

Wenzangu mnaoandaa masomo ya mtandaoni hapa Arusha, hasa ya waongoza watalii na wahudumu wa hoteli, msivitupe violezo vyenu vya PowerPoint mnapohamia Articulate Storyline, programu ya kuundia masomo ya mtandaoni, kwa kuwa huweza kuziingiza slaidi pamoja na slaidi mama, yaani ile inayobeba nembo, rangi na mpangilio wa nyingine zote.

Kagueni kwanza ukubwa. PowerPoint, tangu toleo la 2013, hufungua slaidi mpya kwa uwiano wa 16:9 (upana kwa kimo), ilhali mradi mpya wa Storyline 3 huanza na pikseli 720 kwa 540, ambao ni uwiano wa 4:3. Linganisheni vipimo kabla ya kuingiza chochote. Mimi niliwahi kupuuza hatua hiyo, nikashinda siku nzima nikisogeza picha za Mlima Meru moja baada ya nyingine.

Pili, safisheni slaidi mama kwa kuondoa mipangilio isiyotumika, na hakikisheni kwamba fonti mliyoichagua imo katika kompyuta ya kila mhariri, la sivyo mistari itavunjika ovyo. Mbwembwe za miondoko ya maandishi na picha ziacheni, maana baadhi hazivuki salama kwenda Storyline.

Mkiridhika, hifadhini kazi kama kiolezo cha Storyline, katika faili la .storytemplate, ili somo lijalo lianzie hapo badala ya kuingiza slaidi upya.