Timu inapaisha mashuti? Tafuta chanzo kwanza

Hapa Tabora timu ikikosa mabao, lawama zote humwangukia mshambuliaji. "Hajui kupiga," wanasema, kisha anaongezewa mashuti ya mazoezi hadi jioni, na Jumamosi anapaisha tena mpira juu ya goli. Nafundisha vijana, na utaratibu wangu ni huu.

Hatua ya 1: Andika kila shuti. Mpe mchezaji wa akiba daftari kwa mechi mbili tatu. Aandike nani kapiga, kwa mguu upi, mpira umekwenda wapi, na pasi ilimfikiaje. Wakipaisha karibu wote, acha kumsakama mmoja.

Hatua ya 2: Pima mpira. Mpira wa saizi namba 5 una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Mpira uliochubuka hunywa maji wakati wa mvua ukawa mzito. Watoto wadogo wapewe namba 4.

Hatua ya 3: Tazama mguu wa kusimamia. Hapa usiwe na haraka. Wengi wetu hukodolea macho mguu unaopiga, wakati shuti huharibika kabla haujagusa mpira. Rekodi kwa simu ukiwa ubavuni mwa mpigaji, umechuchumaa. Simamisha video pale mguu wa kusimamia unapokanyaga. Mguu huo ukiwa nyuma sana ya mpira, kiwiliwili kinalala nyuma na mpira unapaa. Unatakiwa ukae sambamba na mpira, goti limekunjwa kidogo, kifua kimeinamia mbele.

Sasa uliza kwa nini anakanyaga nyuma. Kiangazi viwanja vyetu hukauka vikawa kama sakafu, changarawe juu. Kijana mwenye njumu zilizolika meno, au za kaka yake zinazompwaya, anaogopa kuteleza, hivyo anakanyaga mapema. Mwazime njumu zinazomtosha, apige tena palepale. Mashuti yakishuka, umepata jibu, na kumfokea hakukuhitajika.

Hatua ya 4: Ondoa pasi. Weka mpira uliotulia mita 11 kutoka golini. Wakilenga vizuri hapo lakini kwenye mechi wanakosa, rudi kwenye daftari. Mara nyingi utakuta krosi zinafika nyuma ya mshambuliaji au zinadundadunda. Anayehitaji mazoezi hapo ni winga, mchezaji wa pembeni anayezipiga.

Hatua ya 5: Rekebisha kitu kimoja tu, kisha andika mashuti ya mechi zinazofuata kwa daftari lilelile. Ukibadilisha njumu, mpira na winga kwa pamoja, hutajua kipi kimesaidia.