Somo: upanga ulikuwa wa vita ama wa maringo? Vile unaweza kuucheki

Wasee wa Nakuru na wote mko humu, kuna memba alituma picha ya upanga ameuziwa akiambiwa ni wa enzi za masultani, nakshi kila mahali, akauliza kama ulipigana ama ulivaliwa tu. Twende polepole.

Hatua ya 1. Sahau dhahabu kwanza. Mtu huona mapambo akasema hiyo si silaha, lakini wakubwa walienda vitani na panga zao za bei. Samurai wa Japani walivaa panga mbili kiunoni kuonyesha cheo na bado zilikuwa zinakata mtu vizuri tu, hadi serikali ikapiga marufuku kuzibeba hadharani 1876.

Hatua ya 2. Ushike. Panga nyingi za mkono mmoja zilikuwa kilo moja na kitu hivi, hizo nzito za kuinuliwa na mikono miwili kwa taabu ni mambo ya sinema.

Hatua ya 3, na hapa ndio kazi iko. Angalia pale chuma kinaingia kwenye mpini. Wa kupigana, chuma chenyewe huendelea ndani, kinene, kimefungwa kisawasawa. Wa kutundika ukutani mara nyingi ni kajiti kembamba kamechomelewa na nati huko nyuma, utingishe tu utausikia ukicheza ndani. Halafu kutu. Ukiambiwa ni wa 1750 na unang'aa kama sufuria mpya bila doa, kaulizie pesa zako, stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu, ilianza Sheffield, Uingereza, 1913.

Hatua ya 4. Makali. Yakinolewa miaka mingi bapa huliwa, chuma hupungua upana, na hiyo ni dalili upanga ulitumika. Ni hivyo tu.

MASWALI

Memba, Kisumu: Boss, si ule mfereji katikati ni wa kupitisha damu?
Jibu: Hapana bro, ni wa kupunguza uzito bila upanga kulegea.

Memba, Kericho: Niko na sime ya guka, naweza kuipiga Brasso ing'ae?
Jibu: Tafadhali usifanye hivyo! Utasugua historia yote iishe. Mafuta ya cherehani kidogo na kitambaa cha pamba, na usiiache ndani ya ala ya ngozi, ngozi hushika unyevu.

Memba, Naivasha: Jambia la shemeji lina mpini wa pembe, anasema ni kifaru. Litaenda pesa ngapi?
Jibu: Wacha hiyo dada. Kule Yemen mpini wa kifaru ndio ulikuwa cheo chenyewe kuliko hata chuma, na soko hilo pamoja na la dawa za Asia liliwamaliza faru weusi wetu, kutoka kama 20,000 mwaka 1970 hadi chini ya 400 mwisho wa miaka ya 80. Ndio maana wa hapa Lake Nakuru wanaishi ndani ya ua wakilindwa na askari. Kuuza ni kesi, hata kukaa nayo bila kibali ni kesi. Aongee na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla picha haijazunguka, na wewe futa ile uliweka asubuhi.