Kutafuta chembe za supasimetria: anza na usuli

Supasimetria ni nadharia inayodai kwamba kila chembe tunayoijua ina mwenzake ambaye bado hajaonekana. Anayeanza kuwatafuta wenza hao hutamani kuiona ishara yao mapema. Ukweli ni kwamba muda wako mwingi utaliwa na usuli, yaani migongano ya kawaida inayojifanya ishara.

Hatua ya 1: Chagua modeli nyepesi. Supasimetria hata katika umbo lake dogo kabisa ina vigezo huru zaidi ya 100, kwa hiyo usiibebe nzima. Chukua protoni zinazogongana na kuzaa gluino mbili (gluino ni mwenza wa gluoni, chembe inayoshikamanisha kwaki), kila moja ikivunjika kuwa kwaki, antikwaki na nyutralino, mwenza asiye na chaji. Hapo unabaki na tungamo mbili tu za kuchezea, ya gluino na ya nyutralino.

Hatua ya 2: Weka masharti ya kuchagua matukio, yaani migongano iliyorekodiwa. Nyutralino hupita kwenye kigunduzi bila kuacha alama. Ila momenta iliyo pembemraba na mstari wa protoni lazima ijumlike kuwa sifuri. Isipofika sifuri, kuna kitu kimetoroka. Dai momenta pungufu kubwa (kile kinachokosekana ili kufika sifuri), jeti nne au zaidi (jeti ni mfumuko wa chembe unaotokana na kwaki au gluoni), pasiwe na elektroni wala muoni, ndugu mzito wa elektroni. Pima pia pembe kati ya momenta pungufu na jeti zinazoongoza. Ikiwa ndogo, litupe tukio hilo: yawezekana ni jeti iliyopimwa vibaya tu.

Hatua ya 3: Usichungulie. Masharti yote yapangwe kwa uigaji, eneo la ishara, yaani data zinazotimiza masharti hayo, likiwa limefungwa. Hapa hakuna mjadala.

Hatua ya 4: Kadiria usuli. Msumbufu mkuu ni bosoni Z inayotoka pamoja na jeti, kisha ikavunjika kuwa nyutrino mbili. Hakuna sharti litakaloitenga. Dawa yake naipenda: Z huvunjika kuwa nyutrino takriban 20% ya mara zote, na kuwa muoni wawili takriban 3.4%. Basi okota matukio ya muoni wawili wenye tungamo ya pamoja karibu na GeV 91, ambayo ndiyo tungamo ya Z, wafute kwenye hesabu, kisha kokotoa upya momenta pungufu. Sahihisha kwa muoni ambao kigunduzi kiliwakosa, zidisha kwa takriban 6. Tatizo ni kwamba momenta pungufu ikiwa kubwa sana, matukio haya huwa haba mno. Ndiyo maana wengi huongezea fotoni zenye jeti, ambazo ni nyingi, wakikubali shaka ya kinadharia inayokuja nazo.

Usuli wa bosoni W na kwaki top una eneo lake la udhibiti, yaani data zisizo za ishara za kuupimia: matukio yenye leptoni moja (elektroni au muoni).

Hatua ya 5: Fungua. Kwanza linganisha makadirio na data kwenye eneo la uhakiki lililo jirani na eneo la ishara. Yakikubaliana, fungua. Ugunduzi hudai sigma 5, yaani ziada ambayo ni vigumu mno kutokea kwa bahati tu. Pasipo ziada, weka mpaka wa tungamo kwa kiwango cha uhakika cha 95%. Kwa data za 2015–2018 za LHC, kigonganishi cha protoni cha CERN, kwenye nishati ya TeV 13 (TeV 1 ni GeV 1,000), majaribio yake ya ATLAS na CMS yameshakataa gluino za modeli hii hadi takriban TeV 2.2, nyutralino ikiwa nyepesi. Tungamo hizo mbili zikikaribiana, jeti hunywea na mpaka hushuka sana. Ningekuwa naanza leo, ningechimba hapo, nikidai jeti ya ziada inayorushwa kabla ya mgongano.