Mshale wa Joto Usiotulia: Kutafuta Kasoro Kabla ya Kununua Vipuri

Barabara ya kutoka Kisumu hadi Kericho huwa tambarare mpaka Ahero, kisha huanza kupanda, na ni huko mlimani ambako madereva wengi hugundua kwamba mshale wa joto la injini kwenye dashibodi hautulii: hukaribia alama nyekundu, halafu hushuka wenyewe gari linapopata mteremko. Kabla ya kununua kipuri chochote, angalia mshale huo unavyokwenda.

Mshale ukipanda gari likiwa kwenye foleni ya Kondele, mjini Kisumu, na kushuka linapoanza mwendo, kagua feni, yaani fyuzi, rilei (swichi yake ya umeme) na mota yake. Mshale ukipanda mlimani au kwenye mwendo wa kasi pekee, shuku rejeta (kipoozeo cha maji ya injini) iliyoziba au pampu ya maji iliyochakaa. Ukiruka juu na kurudi katika sekunde moja, tatizo ni la waya au sensa, kwa maana maji hayawezi kupata moto na kupoa upesi kiasi hicho. Lakini ukipanda na kushuka ovyo, huku hita ikitoa hewa baridi wakati mshale uko juu, basi maji yamepungua au hewa imenaswa ndani ya mfumo. Hili la mwisho hutokea mara nyingi, hasa baada ya maji kubadilishwa kwa haraka.

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto. Subiri mpaka uweze kuubana mpira wa juu, yaani bomba la mpira linaloleta maji ya moto kwenye rejeta, kwa mkono bila kuungua na bila kuhisi shinikizo. Ukishaufungua, uchunguze mfuniko wenyewe, kwa sababu mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, shinikizo halikai na maji huchemka mapema. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yaliyo wazi huchemka kwa takriban nyuzi 94. Mfuniko mzima huongeza zaidi ya nyuzi 20 juu ya hizo. Kipuri hiki ni cha bei ndogo, nacho husahauliwa mara nyingi.

Ili kutoa hewa, egesha gari pua ikielekea juu, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe, kisha weka hita kwenye joto la juu kabisa. Injini ikiwa baridi, jaza polepole kulanti (dawa ya kupoza injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, halafu washa injini mfuniko ukiwa wazi. Mapovu yatatoka na maji yatashuka, endelea kuongeza. Mpira wa juu ukipata moto, themostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto) imefunguka. Ngoja feni iwake na kuzima mara mbili, rudisha mfuniko, na kesho yake asubuhi ukague kiasi cha maji tena. Ikiwa mapovu hayakomi, au mpira wa juu unakuwa mgumu muda mfupi baada ya kuwasha injini baridi, yamkini gasketi ya hedi, yaani kizibo kati ya bloku ya injini na kichwa chake, imeungua na gesi ya moshi inaingia kwenye maji. Hapo mpelekee fundi, wala usiliendeshe gari hilo hadi mbali.

Ikiwa hewa imetoka na mshale bado unapita kiwango chake kabla ya kushuka, themostati inakwama. Wapo mafundi wanaoing'oa na kuitupa, ushauri ambao siukubali, maana injini isiyofikia joto lake hunywa mafuta mengi na kuchakaa mapema. Ipime badala yake: ifunge kwa uzi, izamishe katika sufuria ya maji bila kugusa chini, na uyachemshe. Isipofunguka hata kidogo, nunua nyingine. Ila ukiwa Nakuru, kumbuka kwamba themostati iliyoandikwa 88 huanza kufunguka kwa nyuzi hizo na huhitaji karibu 10 zaidi ili ifunguke yote, joto ambalo sufuria yako haitalifikia. Ikifunguka nusu tu, usiihukumu kuwa mbovu.