Namna ya Kufufua Onyesho la Magari Linalokimbiwa na Waonyeshaji

Kamati ya maonyesho ikiona ukumbi una nafasi tupu, hukimbilia kuongeza mabango mjini na kupunguza kiingilio. Kabla ya kutumia hata shilingi moja kwa hayo, chukueni ramani za ukumbi za miaka mitano iliyopita, mzitandaze mezani, kisha mwandike katika daftari moja kila kampuni iliyoondoka, mwaka ilipoondoka, ukubwa wa banda lake na sababu iliyoitoa. Huenda mkagundua kwamba waonyeshaji walianza kuondoka mapema, wakati tiketi zilikuwa bado zinauzika vizuri, na kwamba hesabu ya mlangoni, ambayo ndiyo pekee inayosomwa katika vikao vingi, ilichelewa kuwapa habari.

Detroit, nchini Marekani, ni mfano ulio wazi. Onyesho la mji huo, linaloendeshwa na chama cha wauza magari wa eneo hilo, lilipokea wageni wapatao 809,000 mwaka 2018 na 774,000 mwaka 2019, upungufu usiomtisha mtu ukitazamwa peke yake. Hata hivyo, mwaka huo wa 2019 Mercedes-Benz, BMW na Audi zote tatu hazikuweka banda. Yaliyotokea Geneva ni mazito zaidi: onyesho lililokuwa likipokea watu zaidi ya 600,000 lilirudi mwaka 2024 baada ya kusimama tangu janga la korona, likapata wageni wapatao 168,000, na bado waandaaji wakatangaza mwezi Mei mwaka huohuo kwamba wanalifunga, wakieleza kuwa watengenezaji hawakuonyesha hamu ya kutosha. Watu walikuwepo, magari ndiyo yaliyokosekana.

Hatua inayofuata ni kuwaendea walioondoka, ana kwa ana, na kuwauliza walichokuwa wakilipia. Zamani mtengenezaji alikuja kuzindua gari mbele ya waandishi wa habari, lakini leo huzindua kwa njia ya intaneti siku anayoitaka mwenyewe, bila kugawana macho ya watu na washindani wake. Msijaribu kumrudishia uzinduzi huo, kwa maana vita hivyo vimekwisha. Kitu ambacho onyesho la mji bado linacho, na ambacho skrini haina, ni mnunuzi aliyesimama kando ya magari manne ya aina moja na kuketi katika kila moja kwa zamu, huku mke wake akipima kama kiti cha mtoto kitaenea. Huyo ndiye mnayemuuza, na anayemtaka zaidi ni wakala wa mjini, yaani muuzaji wa magari ya kampuni hiyo, kuliko makao makuu ya kampuni.

Kwa hiyo waandalieni mawakala banda lililokamilika: zulia, taa, umeme, meza na kibao cha jina, vyote vya kiwango kimoja, na toza kwa kila gari badala ya kila mita ya mraba. Gharama kubwa ya mwonyeshaji mara nyingi haiko katika kodi ya nafasi, bali katika kujenga banda, kulisafirisha na kulibomoa. Waonyeshaji wakubwa watalalamika kwamba ukumbi unafanana kila upande. Waacheni walalamike. Hata Detroit ilianza kidogo: onyesho lake la kwanza, mwaka 1907, lilikuwa na waonyeshaji 17 na magari 33 tu.

Gari lililosimama huchosha haraka, hivyo tengeni sehemu ya ukumbi iwe njia ambayo wageni hupanda magari yakiendeshwa. Magari ya umeme hayatoi moshi, na hilo limerahisisha jambo lililokuwa na usumbufu mwingi ndani ya jengo. Nchini Marekani Jeep hujenga hata vilima vya kubuni ambavyo wageni hupandishwa na madereva wa kampuni. Anzeni na bima inayotaja shughuli hiyo kwa jina, kibali cha zimamoto, vizuizi imara na madereva wenu wenyewe. Mgeni akae kiti cha abiria. Akitaka kushika usukani, mpangieni siku nyingine kwa wakala, na hapo wakala amekwisha kupata jina na namba ya simu.

Tarehe nayo ina uzito. Detroit ilihama kutoka Januari, ikafanya maonyesho ya Septemba mwaka 2022 na 2023, kisha ikarudi Januari 2025, msimu wa baridi ambapo wakazi hutafuta mahali pa kwenda chini ya paa. Chagueni wakati ambao mawakala wenu wana haja ya kuuza.

Kwa waandaaji wa Nairobi au Dar es Salaam kuna jambo la ziada: wanunuzi wengi wa huko hununua magari yaliyotumika kutoka Japani, kwa hiyo onyesho la magari mapya pekee huwa limewafungia mlango tangu mwanzo. Wakaribisheni wenye yadi, wauza vipuri, benki za mikopo na mafundi wa kukagua injini papo hapo.

Katika kuhesabu wageni, tenganisheni waliolipa, waliopewa tiketi na waliopita maeneo ya bure. Tokyo ilipanda kutoka wageni 771,000 mwaka 2017 hadi milioni 1.3 mwaka 2019, lakini maeneo mengine yalikuwa ya bure na wanafunzi wa sekondari waliingia bila kulipa. Ongezeko hilo ni la kweli, ila halilinganishwi moja kwa moja na mapato.

Wiki mbili baada ya kufunga, rudini kwa kila wakala na muulize ni majina mangapi yaliyoandikwa bandani yamefika dukani, kisha mpeni fomu ya mwaka ujao akiwa bado ana majibu hayo mkononi.