Jinsi ya kuyeyusha kuku, nyama na samaki wa friza kwenye maikrowevu bila kupikika pembeni huku katikati bado barafu

Kitu ambacho watu hawaambiwi wakinunua maikrowevu ni kwamba kile kitufe cha kuyeyushia hakiyeyushi tu, kinaanza na kupika. Yani kuku akishatoka mle ndani safari yake ni moja tu, jikoni, hakuna kumrudisha friji eti tutampika kesho. Ukilishika hilo basi mengine yote hapa chini yanafuata yenyewe. Kwaiyo kama vitunguu hujakata, mchele haujachaguliwa, na mtungi wa gesi hujui hata kama umebaki na kitu, muache kuku kwenye friza kwanza. Andaa vyote alafu ndo umtoe.

Sababu yake iko hivi. Maikrowevu inapasha zaidi maji. Mawimbi yake yanazitikisa chembe za maji na huko kutikisika ndo joto lenyewe, sasa maji yakiwa barafu zile chembe zimeshikana, hazitikisiki kihivyo, mawimbi mengi yanapita tu. Lakini pembeni pakilegea kidogo pakawa na maji, hayo maji yananyonya mawimbi kuliko barafu iliyobaki, yanapata joto, yanayeyusha jirani yake, eneo linazidi kunyonya, mwisho wake unatoa paja la kuku ngozi imeshageuka nyeupe imeiva na ukichoma kisu kufika kwenye mfupa kinagonga barafu. Mashine sio mbovu, na wala sio kwa sababu ulinunua ya bei rahisi. Na barafu nayo ni bishi, joto linalotumika kuyeyusha kilo moja ya barafu ili iwe maji ya baridi tu linakaribia lile la kuyatoa hayo maji ya baridi mpaka nyuzi 80. Kazi hiyo ukiilazimisha kwa moto mkubwa inalipuka pembeni, ndani hamna kitu.

Hapo pembeni penye uvuguvugu ndo hatari ilipo. Friza haiui bakteria, inawalaza. Kuku aliyekaa nyuzi 18 chini ya sifuri miezi mitatu, kama alikuwa na salmonela basi anayo bado. Wakipata joto la kati ya nyuzi 5 na 60 wanaamka wanaanza kuzaliana, na mazingira yakiwakubali wanaweza kujiongeza mara mbili ndani ya dakika 20 hivi. Sasa fikiria umeyeyusha saa kumi jioni, ukapigiwa simu, ukatoka, umerudi saa mbili usiku kuku yuko kwenye beseni juu ya meza. Huyo usimpike tena jamani, hata akinukia vizuri, mtupe.

Tuanze kazi. Kwanza toa vifungashio vyote, na nikisema vyote namaanisha vyote. Ile trei nyeupe ya foamu ya supamaketi itoke, ile plastiki laini ya juu itoke, na kile kikaratasi cha kunyonya damu kilichojificha chini ya nyama (hicho watu wanakisahau sana) nacho kitoke. Kama vimegandana na nyama usivivute kwa nguvu ukachana ngozi, pitisha maji ya baridi ya bomba kwa nje kidogo, plastiki inaachia yenyewe. Nyama ya buchani iliyofungwa kwenye gazeti au karatasi ya kaki usiiingize hivyo hivyo, karatasi hizo zinaweza kushika moto humo ndani, na wino wa gazeti sio kitu cha kupashia chakula. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, wengi tunabebea nyama kwenye vile vimfuko laini vinavyofanana na kitambaa, navyo havijatengenezwa kwa maikrowevu. Waya za kufungia, vibanio vya chuma, foili, vyote nje.

Alafu kuna makopo ya aiskrimu. Kila nyumba ina mtu anayegandishia maharage au supu kwenye kopo la aiskrimu, mgeni anafungua kwa furaha anakuta maharage, hiyo tunaijua wote. Shida ni kwamba kopo lile limetengenezwa kwa baridi, halijatengenezwa kwa moto, na ukilipasha linalegea linajikunja. Liweke chini ya bomba kwa nje, likiachia pindua ule mzigo uangukie kwenye bakuli la glasi au la udongo lisilo na mstari wa dhahabu, ndo uweke kwenye mashine.

Sasa nguvu ya moto. Kama mashine yako ni ya vitufe tafuta kile chenye alama ya theluji au matone ya maji. Kama ni ile ya viduara viwili vya kuzungusha, cha kuchagulia nguvu kipeleke kwenye hiyo hiyo alama, cha dakika kiache mpaka uwe tayari. Kwa mashine nyingi hiyo alama ni kama asilimia 30 ya nguvu yote, yani mashine ya wati 700 hapo inapiga wastani wa wati 200 na kidogo. Utaisikia inanguruma, alafu mngurumo unakata inabaki feni peke yake, alafu inanguruma tena. Usidhani imekufa. Pale inaponyamaza ndo joto la nje linapata muda wa kutembea kuingia ndani. Zile za inveta hazikati hivyo, zenyewe zinashusha moto na kuendelea nao mdogo mdogo, hiyo ni sawa pia. Unachotakiwa kuogopa ni mtu wa haraka anayeweka nguvu ya mwisho dakika kumi, anasema si ni moto tu.

Mashine nyingine zinakuuliza uzito. Usibahatishe, kama huna mzani soma kwenye lebo kabla hujatupa pakiti. Ukiandika kilo moja wakati ni nusu, nusu itaiva.

Kwa dakika chukua haya kama makadirio ya kuanzia, yote kwa ile nguvu ndogo. Nusu kilo ya nyama ya kusaga, dakika 7 au 8 kwa jumla. Nusu kilo ya vipande vya kuku, 7 mpaka 9. Nusu kilo ya minofu ya samaki, 5 au 6. Ila hizo dakika usizipige kwa mkupuo, kata vipande vya dakika mbili mbili au tatu, kila ikilia fungua, geuza, shika, angalia. Umeme wa mtaani kwako ukiwa mdogo mashine nayo inakuwa dhaifu, utaongeza. Kuongeza dakika moja ni rahisi, kumrudisha kuku aliyeiva nusu hakuna anayeweza.

Nyama ya kusaga ndo inahitaji mkono wako zaidi. Dakika tatu za kwanza zikiisha, toa bakuli, chukua uma, kwangua ile ya nje iliyolegea uihamishie kwenye sahani nyingine, kabisa itoke, usiiache. Lile bonge la katikati ligeuze ulirudishe peke yake dakika mbili, toa, kwangua tena. Ukifanya hivyo nyama inabaki nyekundu yote, usipofanya utakuta vijipande vya kijivu vimeshaiva vimezunguka bonge la barafu na sambusa zako zitakuwa na punje ngumu. Na siku nyingine kabla hujagandisha, iweke kwenye mfuko wa friza uibonyeze iwe bapa, unene wa kidole kimoja hivi. Hiyo bapa inayeyuka fasta na inayeyuka sawa. Nusu ya tatizo la kuyeyusha linaanzia siku ya kugandisha, watu tunatupia kilo mbili kwenye mfuko mmoja kama zilivyo alafu tunailaumu mashine.

Vipande vya kuku vipange duara, upande mnene wa paja uangalie nje ya sahani, mfupa mwembamba uangalie katikati, kwa sababu kwenye sahani inayozunguka pembeni panapata moto zaidi. Visipandiane. Mwanzoni vitakuwa vimeshikana bonge moja, dakika tatu nne zikipita vitenganishe kwa mkono au ncha ya kisu, kama havitengani usipigane navyo, rudisha dakika moja. Mabawa yanawahi kuliko vyote, yakilegea yatoe uyaweke pembeni ukiendelea na mapaja. Ukiona ncha inaanza kubadilika rangi kuwa nyeupe, simamisha hapo hapo, hata kama saa inaonyesha bado dakika mbili.

Alafu pumzisha. Zima, acha dakika 5 mpaka 10 kwenye sahani hiyo hiyo, ndo muda unaopiga vitunguu. Joto lililoko nje linaenda kumalizia katikati. Lengo hapa ni kuku anayekatika, mwenye baridi, labda na vibarafu viwili vitatu karibu na mfupa. Akiwa vuguvugu ukimshika ujue umepitiliza, peleka jikoni sasa hivi. Na usimuoshe chini ya bomba kwa kurusharusha maji, yale maji yanasambaza vijidudu kwenye sinki, kachumbari na kila kitu. Najua wengi hapa tutabishana, kuku bila ndimu na maji mkoa mzima utakuona mchafu, basi kama huwezi kuacha mtie kwenye beseni taratibu na usafishe sinki baadaye.

Kuku mzima simshauri mtu. Tumboni anakuwa na barafu, na mara nyingine kuna kimfuko cha firigisi na shingo kimegandia mle, hukitoi mpaka alegee. Huyo mshushe friji chini kabisa kwenye bakuli, usiku mmoja au siku nzima, kilo mbili inachukua kama saa 24. Kama umechelewa kumshusha friji, basi mfunge vizuri kwenye mfuko usiovuja umzamishe kwenye maji ya baridi, badilisha maji kila nusu saa, naye akitoka humo anaenda kupikwa. Maji ya moto hapana.

Samaki mzima kama changu au sato sehemu ya mkia na tumbo ni nyembamba, zinaiva kabla kichwa hakijalegea, maji ya baridi ni bora. Minofu inawezekana ila muache bado mgumu kidogo, atamalizia kwenye kikaango, ila mfute maji kwanza mafuta yasikurukie. Kamba na ngisi sitii kabisa kwenye hii mashine, wanakuwa mpira dakika sifuri.

Vingine havihitaji hata kuyeyushwa. Njegere, karoti, mchanganyiko wa mboga, mwaga kwenye sufuria na barafu yake. Nyama ya supu iliyokatwa vipande nayo inaweza kuingia kwenye maji ikiwa imeganda, hesabu tu muda unaongezeka karibu nusu. Usichokifanya ni kutumbukiza kilichoganda kwenye mafuta ya moto. Vilivyopikwa tayari, wali, maharage, mchuzi, hivyo unapitiliza moja kwa moja, vikishalegea panda nguvu ya juu, koroga, mpaka vichemke vyote. Tui la nazi moto mdogo na koroga koroga, likipata moto ghafla linakatika.

Maziwa ya mama yaliyogandishwa hayaingii kwenye maikrowevu, hata kwa nguvu ndogo. Yanapata moto sehemu sehemu, chupa unaishika iko kawaida kumbe katikati inaunguza, na baadhi ya kinga zilizomo zinaharibika. Yayeyushe friji usiku au kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu.

Umeme ukikatika katikati ya zoezi, usikae kusubiri urudi. Hamishia kwenye gesi au mkaa wakati huo huo, kipande chenye barafu kipikwe kwa moto mdogo na mfuniko. Kuku unampika mpaka ndani afike nyuzi 74, kipima joto cha jikoni ndo uhakika, chomeka sehemu nene bila kugusa mfupa. Ikibaki nyingi, ikishaiva unaruhusiwa kuigandisha tena. Mbichi iliyopita kwenye maikrowevu hairudi friza.

Ukimaliza toa ile sahani ya glasi uioshe kwa sabuni na maji ya moto, futa na chini yake pale penye magurudumu, maana yale maji mekundu ya kuku yanatiririka mpaka huko, na mtu anayefuata kufungua hiyo mashine huenda anapasha uji wa mtoto.